Kawa la Mama na Msumeno wa Mholanzi

Siku ya kumkumbuka Wessel walinikalisha safu ya tatu, kwenye viti vya wageni waalikwa, nikapewa chupa ya maji na kijitabu chenye picha yake. Kwenye picha anacheka. Wessel, kwa asiyemjua, alikuwa Mholanzi, msanifu wa majengo, na majengo yake yote yalikuwa ya michezo: viwanja vya mpira, mabwawa ya kuogelea, kumbi za mpira wa kikapu na wa wavu. Alifia kwao, uzeeni, usingizini, kifo chepesi ambacho mimi sikumwombea. Kwa kuwa ukumbi huu wa Dubai, ulio kando ya njia ya kwenda Silicon Oasis, ndio uliompa jina duniani, familia yake ilikuja kumkumbukia humu humu, chini ya paa lake. Nasema paa lake kwa sababu ndivyo kijitabu kilivyoandika. Watu wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Mmoja alisema alikuwa mnyenyekevu. Mwingine akasema hajapata kuona mtu aliyeheshimu vitu vya wengine kama yeye. Hapo nikakohoa, na mama mmoja wa mbele yangu akageuka kunipa peremende.

Wa mwisho kusema alikuwa binti yake, Liesbeth, mwanamke mrefu mwenye pua ya baba yake. Yeye ndiye aliyeeleza paa lilivyozaliwa. Baba yake, alisema, alikuwa na bibi aliyevaa kofia nyeupe ya lesi, pana chini, imechongoka juu, kama walivyovaa wanawake wa kijijini kwao zamani. Na siku moja, yuko mbali na nyumbani, akamkumbuka bibi yake, machozi yakamlenga, akachukua kalamu akachora. Ukumbi mzima ukainua uso kulitazama paa. Nami nikainua. Nikauona ukili wa mama yangu, mkanda aliousuka kwa mkono, ukizunguka na kupanda, mzunguko juu ya mzunguko, hadi kileleni, pale alipoacha kitundu cha kutolea mvuke wa wali. Mholanzi amekifanya kitundu kile dirisha la mwanga. Upande wa magharibi, karibu na ukingo, kuna mahali mstari mmoja umepotoka na kuingia kwenye mstari wa jirani yake. Kijitabu kinasema hapo msanifu alikusudia kuonyesha upepo wa jangwani unavyosukuma mchanga. Upepo gani! Hapo ndipo macho ya mama yangu yalipoanza kumkatalia.

Kile si kofia, ni kawa. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini wa bara wajue: kawa ni kifuniko cha chakula, kimesukwa kwa ukindu, majani makavu ya mkindu, unakiweka juu ya sinia na nzi wanabaki na tamaa zao. Nikataka kusimama niwaambie hivyo hivyo, kwa Kiingereza changu cha karakanani Al Quoz. Mkono ukanikamata goti. Ulikuwa wa Chebet, Mkenya wa Kericho, aliyekuwa mlinzi wa lango la karakana ya Wessel mwaka nilipofanya kazi humo na sasa ni msimamizi wa walinzi katika hoteli. Hatukuwa tumeonana kwa miaka. Msiba wa Wessel ndio uliotukutanisha, na hilo pekee ndilo jema alilonifanyia kwa kufa kwake.

"Aki Zuwena, usianze," akaninong'oneza. "Hii ni memorial ya watu."

"Wanamzika na kitu cha mama yangu, Chebet."

"Huyu mtu amekufa. Si umsamehe tu? Bible inasema sabini mara saba."

"Nyinyi wenzetu mna sabini mara saba. Mie nilikuwa na kawa moja tu, na akalikata."

Chebet akaliachia goti langu, kwa sababu alikuwapo siku lilipokatwa. Kwetu tunasema marehemu hasemwi ila kwa mema, na siku ile niliifuata mila mpaka mwisho: nilikunywa maji yangu, nikapiga makofi kwa vidole viwili. Lakini mila haikusema kitu kuhusu kuandika. Tena sijaona popote ambapo marehemu ameruhusiwa kuendelea kusema uongo. Basi huu ndio mwaka wangu na Wessel, kama ulivyokuwa.

Karakana yake ilikuwa Al Quoz, ghala la bati lililobanwa baina ya watengeneza vioo na washona mapazia, na nje kulikuwa na mabasi ya makampuni yakishusha na kupakia wanaume kutwa. Humo ndani zilitengenezwa modeli, yaani uwanja mzima wa mbao nyepesi na plastiki, ukubwa wa sinia la harusi, ili arbab, yaani bwana tajiri mwenye kutaka kujengewa, aone atakachopata kabla ya kutoa ruhusa. Mimi nililetwa kusafisha. Nilifagia vumbi la mbao, nikapika chai na kahawa, nikafuta meza, na kama u mwepesi wa mkono watu hawakawii kukuona. Mafundi walikuwa wanaume wa vidole vinene, na kazi waliyoichukia kuliko zote ilikuwa ya kukalisha watazamaji: watu wa plastiki, weupe wote, wadogo kama punje za mchele, wa kubandikwa mmoja mmoja kwa kibano kwenye viti vyao, nyuso zikielekea uwanjani. Wakanipa mimi. Nikawa nakalisha watu kutwa, na nyumbani, katika chumba chetu cha Bur Dubai tulimolala wanawake wa Unguja, Tanga na Mombasa, nikifumba macho nawaona wale wale wakinisubiri niwakalishe.

Wessel alikuwa mrefu mno, anainama kila mlango hata ule asiohitaji kuinamia, na alikuwa na adui mmoja tu duniani: neno inshallah. Hebu fikiria, mtu wa namna hiyo kuja kufanya kazi Dubai. Akimwuliza fundi, "Tayari lini?" na fundi akajibu, "Kesho inshallah, sir," alipiga meza mpaka watazamaji wangu wakaruka vitini. "Sitaki inshallah. Nipe tarehe." Kwao, alituambia, mtu hukualika kahawa kwa siku na saa, ukifika unapewa kahawa moja na biskuti moja, kisha kopo linafungwa. Hatukuamini mpaka tulipoona kwa macho yetu. Kila asubuhi nilizungusha kopo la biskuti za kwao, kila mtu akatoa moja, naye mwenyewe akaja kulifunga kifuniko kwa kiganja, pap. Chebet alikuwa akisema pale langoni, "Anajenga stadium ya watu thousands na biscuit ni moja. Huyu akioa kwetu watamkataa." Tulicheka sana mwaka ule kabla hatujaacha kucheka.

Chakula cha mchana yeye alikula amesimama: mkate uliopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za chokoleti, dakika chache tu, amemaliza. Sisi tulikaa chini juu ya maboksi yaliyofunuliwa, mimi na Chebet akipata wa kumshikia lango. Mimi nilileta wali wa nazi na samaki wa kupaka niliowapika alfajiri. Yeye alileta ugali na mboga, akinung'unika kwamba sukuma wiki ya Dubai haina ladha ya kitu. Shida ilikuwa vumbi. Misumeno ikilia, vumbi la mbao linaelea hewani, na ukiacha sahani wazi kidogo tu unakula huku unatafuna Al Quoz. Ndipo nilipolitoa kawa sandukuni. Mama alilisuka mwenyewe, la zambarau na kijani, akanipa siku ya safari badala ya kulia. Lilikuwa la mwisho alilosuka. Mahali pamoja ukingoni zambarau ilikuwa imeingia kwenye kijani, na alipolikabidhi aliweka kidole hapo hapo akasema, "Hapa palinishinda, mwanangu. Upaelekeze ukutani." Nami kila siku, pale chini kwenye maboksi, nilipaelekeza ukutani.

Wessel alilifuata kawa lile kama paka anavyofuata samaki. Siku ya kwanza alichuchumaa, magoti yakalia, akauliza linaitwaje. Siku ya pili akaomba kulinyanyua. Siku ya tatu nilidhani anataka chakula ila anaona haya, kwa hiyo nikamkaribisha, akakaa chini nasi, akala kwa mkono, mchuzi ukamfika kwenye kiwiko. Alisema hajapata kula kitu kitamu hivyo tangu azaliwe. Akamuuliza Chebet kuhusu mashamba ya chai ya kwao, akaniuliza mimi mama amejifunza wapi kusuka, na mzunguko unaanzia wapi, chini au juu. Nikamwambia unaanzia juu. Alinisikiliza kama ninamsomea barua ya nyumbani. Nasema kweli: siku zile nilimpenda yule mzee kama mtu wa kwetu, na hasira ninayomwekea mpaka leo imeota kwenye mapenzi hayo.

Siku yenyewe nilikwenda kusali adhuhuri nyuma ya rafu za mbao, mahali nilipotandika msala wangu. Wali nimeshaupakua, kawa liko juu yake, Chebet anakuja. Nilikuwa kwenye sijda niliposikia msumeno wa umeme ukilia. Sikushughulika, ulikuwa ukilia kutwa. Nilipotoa salamu na kurudi, wali ulikuwa wazi na vumbi limetulia juu yake kama unga wa kupikia mkate. Kawa halipo. Chebet amesimama karibu na sahani, mkono mdomoni, na akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha Wessel.

Lilikuwa juu ya meza yake chini ya taa, limepasuliwa kutoka kileleni hadi ukingoni. Nusu mbili. Ukili umefumuka kwenye kingo zake, nyuzi zimesimama. Yeye ameinama juu ya nusu moja na rula, anachora, na hakunyanyua uso mpaka nilipokuwa karibu kabisa.

"Zu! Njoo uone. Tazama unavyopanda! Hauna hata nguzo moja, unajishika wenyewe."

"Hilo la mama yangu, sir."

"Mwambie mama yako ana akili kuliko wasanifu wote niliosoma nao."

"Umelikata."

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemwambia kuwa maji ni majimaji. "Bila shaka nimelikata. Kitu hukijui mpaka ukione ndani."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo desturi yao. Msanifu haridhiki kuchora nyumba kwa nje. Huichora kama imepasuliwa kwa kisu, uone ngazi, uone vyumba, uone paa lilivyokaa juu ya ukuta. Kwake yeye kukata ni kuheshimu. Alilikata kawa la mama kwa mapenzi, na usoni mwake siku ile kulikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Laiti angelikata kwa chuki. Chuki za waajiri nilishazizoea, unazimeza na maji. Lakini huyu alikula chakula changu, akaniuliza habari za mama yangu, kisha akanyanyuka akaenda kwenye msumeno, wala haikumpitia akilini kwamba mwenye kitu huombwa.

Nikamwambia anirudishie. Akasema atanirudishia, lakini kwanza amalize kupima.

"Lini, sir?"

Hapo akacheka. Akaweka kalamu chini, akanyoosha mikono yake mirefu juu ya kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akalitamka lile neno lake la haramu. "Inshallah, Zu. Inshallah." Aliona ni mzaha mzuri. Na kila wiki nilipouliza, alijibu hivyo hivyo na kucheka hivyo hivyo, mpaka mafundi nao wakawa wanacheka. Wenyewe wa neno lile wakilisema wanamtaja Mungu. Yeye alilitumia kunifungia mlango.

Mama akinipigia simu aliuliza habari za kazi, za afya, kisha lazima aulize, "Na kawa, bado unafunikia?" Nami namjibu, "Nafunikia, mama." "Pale mahali umepaelekeza ukutani?" "Nimepaelekeza." Alikufa miaka mingi baadaye akiamini hivyo. Uongo ule siuhesabu kuwa wangu. Nimemwachia Wessel aende nao. Malipo ni duniani, akhera ni hesabu, atajieleza huko.

Sasa mtu mwenye hasira na asiye na cheo afanye nini? Nilianza na vidogo. Chai yake niliitia pilipili manga mpaka mvuke wake ukanitoa machozi mwenyewe. Akainywa, akatoka jasho, akaja jikoni kusema hiyo ndiyo chai, nimtilie hivyo kila siku. Nikamficha zile punje zake za chokoleti. Akasema afadhali, daktari alimkataza, akawa anakula wali wetu. Nilikuwa sijapata kuona mtu mgumu kumwudhi kama yule. Kila nilichomtupia kilimwangukia mapajani kikawa zawadi. Moja tu hakuiona: kwenye modeli ya ukumbi mpya, katikati ya umati, nilimkalisha mwanamke mmoja mdogo mgongo wake ukiwa uwanjani na uso wake umeelekea viti vya wakubwa. Watu wote wanatazama mchezo, yeye anamtazama mwenye ukumbi. Nikambandika kwa gundi mara mbili.

Modeli ile ndiyo ilikuwa na paa la kawa. Mafundi walilisuka kwa vipande vyembamba vya mbao, wakifuata michoro yake, na nilipoliona limemalizika niliweka ufagio chini nikalizunguka. Lilikuwa lenyewe. Hata palipopotoka alipafuata, ukingoni, mstari kwa mstari. Kitu mama alichokionea haya, akaniomba nikifiche, Mholanzi amekiweka mbele kabisa, upande wa mlango mkuu. Jumamosi arbab angekuja na watu wake kuiona, na Wessel alitembea karakana nzima akipiga vidole, kwa sababu kazi ya uzee wake wote ilikuwa imesimama juu ya modeli ile. Nami nikasema moyoni: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tutaona.

Ijumaa mchana Waislamu walikwenda msikitini na wengine walikuwa mapumzikoni. Nilifika langoni nikiwa nimejifunga ushungi kama mtu anayekwenda kuchinja. Chebet alikuwa kwenye kiti chake, amevaa sare, redio yake kiunoni. Akanitazama, akatazama msumeno wa mkono niliouficha ndani ya kanga, na hakuuliza niendako.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akakigeuza kiti chake kikaelekea barabarani.

Modeli niliikata kutoka kileleni hadi ukingoni, kama alivyokata yeye. Msumeno ule ulikuwa wa meno madogo, wa kazi ya taratibu, na nilikata bila haraka, bila kulia, bila kuharibu zaidi ya nilichokusudia. Sikutaka kuivunja. Mtu aliyevunja amekasirika tu, na mimi nilitaka aone ni jambo lile lile. Msumeno ulipopita kwenye viti watazamaji wangu wachache walianguka. Wengine wakabaki wamekaa pembeni mwa shimo, miguu ikining'inia. Nikazitenga nusu zile kidogo, kichwa kiweze kupita. Nikafagia vumbi lote, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nilihakikisha ni mimi niliyeshika sinia la kahawa ya Kiarabu. Arbab aliwahi. Alikuwa kijana, kanzu yake nyeupe haina hata mkunjo, na Wessel akamwongoza yeye na wazee wake moja kwa moja hadi kwenye meza, akaondoa kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nikauona uso wake. Midomo ilimpauka. Mkono ulibaki juu na kitambaa. Hakuna chakula nilichopata kukila maishani kilichonishibisha kama uso ule. Naurudia hata leo nikiwa na njaa ya moyo. Mafundi wote wamekauka. Ndipo yule kijana akakunja kanzu yake, akachuchumaa, akaingiza kichwa baina ya nusu mbili.

"Mashallah," akasema kutoka humo ndani. "Wote wananiletea maboksi. Huyu amenifungulia. Naona mpaka nitakapokaa."

Akawaita wazee nao wachuchumae. Wakaonyeshana ngazi, vyoo, milango ya wachezaji, na lile paa jinsi linavyojishika lenyewe. Wessel akashusha kitambaa polepole. Rangi ikamrudia usoni, na akasema kwa sauti ya mtu aliyepanga jambo kwa miezi: "Kitu hukijui mpaka ukione ndani." Khalas. Kazi ikawa yake papo hapo. Tangu siku ile hakupeleka tena modeli nzima mahali popote. Kila moja aliikata, na ndicho kilichomfanya ajulikane, magazeti ya wasanifu yakamwandika, vyuo vikamwalika. Kisasi changu nilichokinoa kwa miezi kikageuka jina lake.

Alijua ni mimi. Nilipomfikia na sinia alichukua kikombe, akainama mpaka sikioni mwangu. "Asante, Zu," akasema. Neno lile liliniunguza kuliko kahawa. Nikamwambia kwa sauti ya chini vilevile, "Kawa langu, sir." Naye, huku akimtabasamia arbab, akajibu, "Inshallah." Kabla ya mwaka kwisha aliniandikisha kuwa fundi wa modeli, nikabadilishiwa viza, nikapewa meza yangu. Halafu akahamia kazi nyingine nchi nyingine, na kawa akaondoka nalo. Watu huniambia nimshukuru, maana leo karakana ninayo mwenyewe Al Quoz, nina mafundi, na wanangu wamesoma kwa kazi ile. Sishukuru. Mwizi akiangusha kitu njiani ukakiokota, hujapewa.

Siku ya kumbukumbu, sifa zilipokwisha, watu wakasogea kwenye kahawa, na mimi nikasogea kwenye modeli. Wameiweka ndani ya kioo, nusu zake mbili, na maandishi yanasema msanifu aliikata kwa mikono yake kwa wazo lililomjia ghafla. Nikainama kumtafuta. Alikuwapo, mwanamke wangu mdogo, mgongo uwanjani, gundi yangu haijamwacha. Nilikuwa bado nimeinama Liesbeth aliponijia, akanishika mikono yote miwili.

"Baba alikuwa akikutaja," akasema.

"Alisemaje?"

"Kwamba ulileta kahawa siku ile."

Nikajibu kwamba ndiyo, nilileta kahawa. Akaniambia wanaandaa maonyesho ya maisha ya baba yake, huko kwao, na amesikia hakuna karakana Dubai inayoipita yangu. Akafungua sanduku jembamba alilokuwa nalo. Nusu ya kawa. Rangi zimefifia, zambarau imekuwa kahawia, lakini pale mahali palipopotoka palikuwapo, nikaweka kidole kabla sijajua nafanya nini. Wameikuta kwenye kabati lake, alisema. Wanadhani baba yake alijaribu kuisuka kofia ya bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Nusu ya pili hawana, inasemekana alimpa mtu zawadi. Je, akauliza, ningeweza kuitengeneza hiyo ya pili, zikakaa pamoja ndani ya kioo?

Chebet, nyuma yangu, alivuta pumzi. Alidhani sasa nitasema. Lakini ukweli ungemfaa Liesbeth. Angelia, angenikumbatia, angebadilisha maandishi ya kijitabu, watu wangepiga makofi, na mambo yangekwisha. Mimi sikutaka yaishe. Mtoto hana kosa, najua. Hata kawa halikuwa na kosa. Nikamwambia naweza, nikalifunga sanduku, nikatoka nalo mlangoni chini ya paa la mama yangu. Ukweli nimemwandikia hapa, kwa Kiswahili, ajitafutie wa kumsomea.

Ukindu niliagiza Unguja. Nilichemsha rangi jikoni kwangu Bur Dubai mpaka jirani akagonga kuuliza napika nini. Mama alinifundisha kusuka kwa makonzi, nikadhani nimesahau, vidole havikusahau. Nilianzia juu, nikaenda nikishuka, nikiiunganisha nusu mpya na nusu kuukuu mzunguko kwa mzunguko, na mshono nimeuacha uonekane, mnene, wa uzi mweusi. Ijumaa iliyopita Chebet alikuja kula kwangu. Nilikuwa nimeshapakua wali na samaki wa kupaka, naye alikuwa ananiambia kwa mara ya mwisho nimpelekee yule dada kitu chake, nimsamehe marehemu, nipumzike, simu ikaita. Ilikuwa Liesbeth. Maonyesho yanakaribia kufunguliwa, alisema. Kioo kiko tayari, taa ziko tayari, maandishi yameshachapwa, ila ndani hamna kitu. Alikuwa akijitahidi kuwa mpole.

"Niambie tu lini," akasema. "Nahitaji tarehe."

Ilikuwa sauti ya baba yake, na kwenye simu nikasikia hata meza ikipigwa. Nikalichukua kawa, nikalizungusha hadi palipopotoka pakaelekea ukutani.

"Inshallah," nikamwambia, nikaufunika wali.